Gitaa Lililomkaa Begani

Jumamosi, saa nne asubuhi, mpiga besi aliingia kwenye duka la ala za muziki akiwa amekumbatia gitaa lake la zamani, kalifunga kwenye shuka. Shingo ya gitaa ilikuwa imevunjika. Jumapili iliyopita mpiga ngoma alilikalia akidhani ni benchi, akasema samahani, halafu papo hapo akauliza kwa nini watu wanaacha vitu ovyo.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani jozi mbili, moja machoni, nyingine kaipandisha kwenye paji la uso. Alifunua shuka, akatazama, akafunika tena.

"Hili limeshakwenda, pole," alisema. "Sasa unataka la namna gani?"

"Zima tu, mama. Lolote ambalo mtu mwingine naye anaweza kulipiga."

Mama akamtazama juu ya miwani. Watu huja pale wakitaka gitaa jekundu, au jepesi, au lenye mngurumo wa kutikisa vikombe kabatini. Huyu alitaka la mtu mwingine. Lakini hakumuuliza, maana duka lilikuwa na kazi nyingi.

Sababu anayo, na tuiseme. Gitaa lake la zamani lilikuwa limepinda shingo tangu ujana wake. Ili noti itoke sawasawa ilibidi ubonyeze uzi nyuma kidogo ya mahali pake, na huo ujanja aliujua yeye peke yake. Mpiga gitaa la ridhimu alijaribu mara moja kumshikia, wachezaji wakasimama wakatazamana kama watu walioibiwa. Basi kwa miaka ishirini na sita, kila Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, mpiga besi hakuwahi kushuka jukwaani muziki ukiendelea. Na mkewe, Mama Mapacha, alikuwa mtu wa dansi. Walikutana kwenye dansi, mwaka mmoja kabla mume hajaingia bendi, na mwaka huo walicheza mpaka soli zikaisha. Tangu aingie bendi hawakucheza tena hata wimbo mmoja. Mama Mapacha alikuwa akija ukumbini, anakaa mezani, na wanawake wenzake wakiinuka kucheza na waume zao wanamwachia mikoba awaangalizie. Siku moja aliondoka pale, akasema, "Mimi sikuzaliwa kuwa kabati la watu," na miaka kumi na moja sasa hajarudi.

Kwa hiyo shingo ilipovunjika, mpiga besi hakuhuzunika kama wenzake walivyodhani. Alimwambia mkewe jikoni, "Sasa nanunua gitaa zima. Huyu bwana wa ridhimu atanishikia wimbo mmoja, nishuke tucheze." Mkewe aliendelea kufuta meza. Alifuta sehemu moja ileile muda mrefu, kisha akasema, "Haya, tutaona," na jioni ile gauni la kijani likatolewa sandukuni likatundikwa dirishani lipigwe upepo.

Dukani mpiga besi alivuta kigoda akakaa, akaanza kujaribu. La kwanza zuri. La pili zuri. Mpaka la nane yote yalikuwa mazuri, akachanganyikiwa. Mama mwenye duka akaja akamnyang'anya kigoda.

"Simama! Nyinyi wote mna ugonjwa huo huo. Mnachagua gitaa mmekaa kama mnakunywa chai, halafu mnakwenda kulipiga mmesimama saa nne nzima. Vaa mkanda."

Ni kweli. Hata lile la zamani alilichagua akiwa amekaa, kwenye kitanda cha aliyemuuzia. Akavaa mkanda, akasimama, na mambo yakabadilika. Lile la kwanza liliinamisha kichwa kila alipoachia mkono, kama mtu anayesinzia msibani. La pili lilimchoma mbavuni. La tano lilikuwa zito mpaka akasikia sikio moja limeziba. Mama alikuwa akiyapokea na kuyarudisha ukutani.

La tisa lilikuwa la rangi ya kahawia, lina mchubuko karibu na mahali pa kuwekea kidole gumba. Alilivaa, akaachia mikono yote miwili. Gitaa likatulia kifuani pake, halikwenda juu wala chini. Mkono wa kushoto ulipoinuka ulikuta shingo ipo pale pale ulipotaka iwe. Alijisikia vizuri mno, na tangu asubuhi hakuwa amejisikia hivyo. Tuseme hata tangu mwaka jana. Akagusa uzi mnene, taratibu.

Mama mwenye duka akainuka juu ya sakafu, kiasi cha mkono mmoja. Mpiga besi akagusa tena, na mama akapanda kidogo zaidi.

"Usikate, endelea," mama alisema, huku akichukua kitambaa. "Miezi sita sijafuta shelfu ya filimbi."

Akaendelea. Mama alifuta shelfu ya filimbi, akafuta na juu ya kabati la zeze, akatoa buibui wawili. Alipomaliza alisema inatosha, mpiga besi akapunguza noti kidogo kidogo, naye akatua salama.

"Umesikia kitu begani?" mama akauliza.

"Kama robo kilo hivi."

"Ndiyo mimi huyo. Hilo ndilo saizi yako basi. Wengi wamelipiga hapa na sijawahi kuinuka." Akashusha miwani ya pili, akamtazama vizuri. "Lakini uliniambia unataka ambalo mwingine anaweza kulipiga. Lile la nne litakufaa kwa kazi hiyo. Halina tabia yoyote."

Mpiga besi alilitazama lile la nne ukutani. Jekundu, zima, halina kosa. Alikumbuka kabisa kilichomleta. Halafu akasema, "Nifungie hili."

Jumapili iliyofuata watu wa ukumbini walipaa. Walianza wale waliokuwa katikati, kisha wa pembeni, jozi baada ya jozi, wanazunguka taratibu kati ya sakafu na dari. Hakuna aliyepiga kelele, isipokuwa bibi mmoja mwenye maumivu ya magoti, naye alisema tu, "Afadhali!" Mwenye ukumbi alizima feni ili zisiwakate watu, akabandika karatasi mlangoni: WANAOPAA WAJIHADHARI NA TAA. Wiki ya pili wakaja watu themanini. Wiki ya tatu foleni ikafika kwenye duka la kinyozi.

Kila aliyeinuka alimwachia mpiga besi robo kilo begani. Robo kilo si kitu, ila zidisha mara themanini. Yeye mwenyewe hakuinuka hata unene wa ukucha. Alisimama pale jukwaani, miguu kaitanua, akitazama soli za viatu vya watu.

Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye pia mwimbaji, waliyekuwa wakimwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia hospitali, alifurahi sana. "Sauti yangu siku hizi imekomaa jamani," aliwaambia wenzake. "Mtu akiisikia tu anaelea." Akachapisha mabango yenye picha yake, kafumba macho, kanyoosha mkono juu. Mpiga besi alionekana kiwiko tu, na hicho nacho kilikatwa bango lilipopunguzwa.

Alhamisi kwenye mazoezi, mpiga besi alimweleza Daktari shida yake. Wimbo mmoja, dakika sita, mwenzake wa ridhimu amshikie.

"Mpe ajaribu," Daktari alisema.

Mwenzake wa ridhimu akalivaa. Alipiga vizuri tu, bila kukosea, na mfagiaji wa ukumbi aliyekuwa pale na ufagio wake hakuinuka hata kisigino.

"Unaona mwenyewe," Daktari alisema. "Watu wanakuja hapa kupaa. Niwaweke chini dakika sita niwaambie nini, kwamba ndugu yetu kashuka kucheza na mkewe?"

"Ndiyo, uwaambie hivyo."

"Na ukimkabidhi gitaa wakiwa juu? Wataanguka kama maembe, kaka. Utaua watu."

"Nitawashusha kwanza."

"Miaka ishirini na sita hujaomba ruhusa, leo ndiyo umekumbuka una mke?" Daktari akamshika bega, lile lile linalouma. "Shemeji yangu ni mwelewa. Mlete akae mbele kabisa, nitampa soda mwenyewe."

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mpiga besi naye akacheka. Alikwenda nyumbani na hakumwambia mkewe chochote, na hilo ni kosa lake, hatuwezi kumsingizia mtu.

Jumapili Mama Mapacha alikuja na gauni la kijani. Alikaa meza ya mbele. Soda ililetwa kweli. Wimbo wa kwanza ulipoanza, wanawake wawili asiowajua walimwekea mikoba yao mbele yake, wakamwambia, "Asante dada," wakapaa. Mama Mapacha alimtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa, maana yake bado. Wimbo wa pili akatazama tena. Mara hii mumewe aliinamisha macho akajifanya anatafuta kitu kwenye spika, na yeye akaelewa. Mtu uliyeishi naye miaka hiyo yote, hahitaji barua.

Wimbo wa tatu ulipopamba moto, Mama Mapacha alivua viatu, akaviweka juu ya ile mikoba, akasimama. Akainuka.

Mpiga besi alikuwa amefumba macho, lakini alijua. Katika ile mizigo themanini begani, uliingia mmoja aliouzoea. Ulikuja upande wa kulia, karibu na shingo, mahali mkewe alipokuwa akiweka kichwa zamani kwenye basi. Akafumbua macho. Mkewe alikuwa juu yake, gauni limejaa upepo, anacheza peke yake ule mtindo wao wa mwaka ule, hatua mbili na kugeuka. Hakusahau hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono chini kumpa.

Mpiga besi aliutazama ule mkono. Wa kwake wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya gitaa, wa kulia uko kwenye nyuzi, na kwenye hewa kulikuwa na watu themanini na mmoja, wengine wana wajukuu. Alipiga.

Mkono ulikaa pale muda wa ubeti mmoja mzima, kisha ukarudi juu. Mzee mmoja nadhifu, postamasta mstaafu, mgane, alikuja akielea taratibu, akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza kama anaruhusiwa. Mama Mapacha akamtazama mumewe kule chini. Mumewe akasema ndiyo kwa kichwa, maana angesema nini? Wakacheza. Ukweli usemwe, walipendeza. Postamasta alikuwa na miguu mizuri na hakuwa na haraka. Mpiga besi alirefusha wimbo ule mara mbili ya kawaida, Daktari akamgeukia kwa hasira, lakini hakuukata.

Saa kumi na mbili na nusu walikuwa njiani kurudi nyumbani, mke kashika viatu mkononi, mume kabeba gitaa bega la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa limevimba.

"Unaanza upara," mke alisema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Leo ndiyo nimeuona, kwa juu."

Nyumbani mume alisogeza meza, akawasha redio, akatafuta mpaka akapata muziki wa polepole. "Njoo basi," alimwambia. Mke akaja. Aliweka mkono bega la kulia, mume akaruka kwa maumivu, mke akauhamisha mkono kiunoni. Wakajaribu hatua mbili na kugeuka. Mpiga besi alimkanyaga. Miaka ishirini na sita kasimama mahali pamoja, miguu ilikuwa imesahau kwamba ni ya kwenda. Mke hakulalamika. Ila kila walipogeuka, alikuwa akisimama kidogo kwa vidole, akingoja, kisha anashusha visigino.

"Sakafu ya hapa ngumu," alisema mwishowe, akakaa kwenye kochi kusugua nyayo.

Mpiga besi alizima redio, akarudisha meza.

"Jumapili utaupiga tena ule wa tatu?" mke akauliza.

"Nitaupiga."

"Basi uupige mapema. Yule bwana wa posta ana basi lake saa tisa, leo alikuwa anatazama saa." Alifikiri kidogo. "Anacheza vizuri, lakini si kama wewe ulivyokuwa. Ujue hilo."

"Asante," mpiga besi alisema.

Jumapili aliupiga wa kwanza kabisa, kabla watu hawajaketi vizuri. Daktari aliuliza kulikoni, akashika kipaza sauti akaanza kuimba, na wakati huohuo uzito wa mkewe ukaja ukakaa begani.