Jengo Lenye Matundu

Afisa habari wa halmashauri ya jiji alikuwa na imani kubwa na wananchi, na imani hiyo ndiyo iliyomponza. Jengo jipya la huduma lilikuwa karibu kukamilika. Kikao cha kulipa jina kilikuwa kimejikokota mpaka wakubwa wakaanza kuchungulia simu zao chini ya meza. Hapo ndipo yeye akanyoosha mkono na kusema, "Kwa nini tusiwaulize watu wenyewe?"

Mkurugenzi, bwana mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, alilipima wazo hilo huku akirekebisha tai. Alikuwa amekaribia kustaafu, na ofisi nzima ilijua angependa jina lake libaki ukutani mahali fulani.

"Waachiwe wananchi," akasema. "Wananchi wanajua nani amewafanyia nini. Jina litakaloongoza kwa kura, hilohilo. Hakuna cha kamati wala nini."

Akaenda redioni akayarudia maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, na afisa habari akaweka namba ya simu ya kupokea mapendekezo.

Jengo lenyewe halikuwa la kawaida. Paa lake lote lilikuwa la kunasa umeme wa jua. Maji ya mvua yalishuka kwenye matangi yaliyofukiwa chini, yakatumika vyooni na bustanini. Ndani hamkuwa na kiyoyozi hata kimoja. Badala yake ukuta wa mbele, toka chini hadi juu, ulitobolewa matundu ya duara, mengine madogo kama kifuniko cha chupa, mengine makubwa kama sahani, ili upepo upite wenyewe. Msanifu aliyelichora, mwanamume mpole aliyezoea kupapasa kuta anapozungumza na watu, aliyapanga matundu yale moja baada ya jingine, na ukimuuliza habari zake angekupa habari za matundu.

Mapendekezo yakaanza kumiminika. Mmoja alitaka liitwe "Kodi Zetu". Mwingine "Na Maji Je?", kwa kuwa mtaani kwao mabomba yalikuwa yamekauka. Bwana mmoja alipendekeza jina la mwanamke, siku ya pili akaomba lifutwe, siku ya tatu akaomba lirudishwe. Wapo waliotuma maombi ya kazi. Jina la mkurugenzi nalo lilipendekezwa mara nyingi, ila mara zote kutoka simu moja na kwa kosa lilelile la herufi, na dereva wake alipoulizwa akaanza kufuta kioo cha gari kilichokuwa safi.

Lakini jina lililoyaacha mengine mbali lilikuwa moja, na lilizidi kupaa kila kukicha: Chujio.

Afisa habari alipoliona mara ya kwanza alicheka. Lilipoanza kuongoza, akaacha kucheka. Jioni alirudi nyumbani akiwa hoi, akamkuta mama mkwe wake sebuleni anakunja nguo, akamweleza yote.

Mama mkwe aliweka shati chini. "Kumbe limefika mbali hivyo?"

"Nini kimefika mbali, mama?"

"Hilo neno. Siku ile tulipopita pale na fundi cherehani, nikamwambia, tazama, wamesimamisha chujio. Nilimwambia yeye tu."

"Mama. Fundi cherehani."

"Najua mdomo wake," mama mkwe akasema, huku akishindwa kabisa kuficha raha. "Linaongoza kwa mbali sana?"

Kesho yake afisa habari aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Akamkuta amesimama dirishani amempa kisogo, na hiyo haikuwa dalili njema.

"Lifute," mkurugenzi akasema.

"Ulisema hilohilo, Mkurugenzi. Redioni. Watu wameirekodi sauti yako, wanaichezesha hadi kwenye vibanda vya simu."

"Nitasimama mbele ya wageni, nivute pazia, nizindue chujio?"

Afisa habari aliomba siku mbili za kufikiri, akatoka. Kichwani hamkuwa na lolote la kufikiri. Akilifuta, watu watasema kura zilikuwa mchezo wa kuigiza, na lawama itamwangukia yeye, maana ndiye aliyewabembeleza wapige. Asipolifuta, atahamishiwa kitengo cha makaburi, kama ilivyomkuta aliyemtangulia.

Akiwa kwenye hali hiyo akapita jengoni, na huko akakuta jambo lililomuuma kuliko vitisho vya bosi. Msanifu alikuwa ameketi ngazini, chakula chake cha mchana kando hakijaguswa.

"Chombo cha jikoni," akamwambia bila kuinua uso. "Miaka yote hii nimechora chombo cha jikoni."

Afisa habari alirudi nyumbani akamsimulia mama mkwe, labda kwa nia ya kumtia aibu kidogo. Ilifanya kazi kupita kiasi. Mama mkwe akasema atakwenda kumwomba radhi huyo kijana, na hakuna kilichoweza kumzuia. Asubuhi alivaa viatu vyake vya kwenda harusini, akashika mkoba, akamfuata mkwewe mpaka kwenye ukumbi mkubwa wa chini wa lile jengo. Jua la nje lilikuwa linachoma visogo.

Msanifu alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ndiye niliyekuharibia jina. Nisamehe. Sikukutukana, nilisema tu linafanana na chujio." Akageuka akautazama ule ukuta kwa makini, juu mpaka chini. "Na kweli linafanana."

Afisa habari alifumba macho.

"Mama anajua matundu haya ni ya nini?" msanifu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamua kustahimili. Akaanza kueleza: hewa baridi inaingia chini, yenye joto inapanda na kutokea juu, madogo yako upande wa jua, makubwa upande wa upepo. Mama mkwe alisema maelezo ni marefu na miguu yake si ya jana, akaomba akae. Wakamsogezea benchi karibu na ukuta. Alisikiliza kwa kutikisa kichwa, akasikiliza kwa kuinamisha kichwa, kisha akawa hasikilizi tena. Mkoba ukateleza mapajani. Upepo ulikuwa unaichezesha ncha ya mtandio wake, na mama wa watu alikuwa anakoroma taratibu kama aliye kitandani kwake.

Msanifu alikatiza sentensi katikati. Alimtazama muda mrefu. Fundi mmoja alipotokea akiburuta ngazi ya chuma, msanifu alimkimbilia kwa ncha za vidole, akaishika ngazi upande wa pili ili isipige kelele.

"Nje kunaungua," akamnong'oneza afisa habari, macho yakimng'aa kwa furaha. "Na amelala. Mtu hawezi kuigiza usingizi wa namna hii."

"Huyu hata kuigiza kucheka hawezi."

"Basi waliite wanavyotaka. Si ni kweli linachuja joto?"

Kwa afisa habari, maneno hayo yalikuwa kama kutuliwa mzigo nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa mkurugenzi. Alipokwenda kumwona, msanifu akifuata nyuma, alikuwa bado hajui atakachosema. Ila alikuwa amefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua wakubwa wanapenda nini.

"Mkurugenzi, Chujio si chujio," akaanza. "Ni kifupisho."

"Kifupisho cha nini?"

Akavuta pumzi. "Chimbuko la Utunzaji wa Jiji na Ikolojia Oanifu."

Msanifu alipapasa ukuta. Mkurugenzi alilirudia jina lile polepole, kila neno likipewa haki yake, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyozidi kunenepa.

"Oanifu maana yake nini?"

"Inayooana, Mkurugenzi."

"Inayooana na nini?"

"Na mengine yote."

Mkurugenzi aliketi. Alilisema tena, safari hii amefumba macho. Halafu akauliza, kama jambo lililompitia tu, iwapo hakuna nafasi ya kuingiza herufi ya kwanza ya jina lake. Afisa habari akamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba hakuna. Mkurugenzi akasema basi, si neno, aliuliza tu.

Siku ya uzinduzi umati ulifurika mpaka barabarani. Mkurugenzi alivuta pazia, akasoma jina refu bila kukosea, kisha akaeleza jinsi alivyokesha akiliunganisha neno kwa neno. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu watu walikuwa tayari wanaimba Chujio, Chujio, wakipiga makofi, na fundi cherehani alikuwa mbele kabisa akiwaeleza wanahabari kwamba wazo lilikuwa lake. Mama mkwe alimsikia akataka kwenda kumkatiza. Msanifu akamshika mkono, akamwahidi kumwonyesha ghorofa ya juu kwenye upepo zaidi, naye akakubali kwa sharti la kuwekewa benchi.

Wiki iliyofuata afisa habari alipigiwa simu kutoka idara ya masoko. Walikuwa wamesikia sifa zake. Walikuwa na vyoo vipya vya umma, vya kisasa kabisa, na walitaka wananchi washirikishwe kuvipa jina.

Aliwashukuru sana, akakata simu, akaenda kuomba likizo.