Goroli Mdomoni mwa Kabureta

Goroli ile niliikuta ndani ya mdomo wa kabureta siku ya Alhamisi, saa nane kasorobo mchana, na mtu wa kuiweka pale alikuwa mmoja tu: kaka yangu.

Karakana ni yetu wawili. Yeye ndiye mkubwa, ndiye aliyenifundisha kushika spana. Mimi nina mdomo. Ndivyo watu wanavyotutofautisha. Gari lenyewe lilikuwa la spoti la kuiga, umbo la zamani, bodi ya faiba, mali ya daktari mmoja wa meno ambaye angekuja kulichukua saa kumi jioni ileile. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kwa maneno tu. Injini imeinamia nyuma kwa pembe ya nyuzi tatu, kwa hiyo chini ya kabureta huwekwa kabari ya aluminiamu, upande mnene nyuma, ili kabureta ilale sawa na mafuta yasielemee upande mmoja. Lakini ukiinua kabureta, umeisogeza karibu na boneti. Na injini ikikanyagiwa mafuta hujitingisha juu ya raba zake. Ikigonga boneti, faiba inapasuka, na sisi tunapasuka nayo.

Kaka alitaka tutoboe boneti, tuweke pua ya kuingizia hewa, yaishe. Daktari akakataa, hataki tundu. Nami nikamuunga mkono daktari mbele ya kaka, kwa sauti, nikatia na kicheko. Tangu siku hiyo kaka akawa mpole. Yeye, ambaye akipoteza bisibisi mtaa mzima unajua! Machale yakanicheza.

Nafasi ya boneti tunaipima kwa udongo laini wa watoto kuchezea. Unabandika vidonge juu ya chujio la hewa linalofunika kabureta, unafunga boneti taratibu, unafungua, kisha unapima unene wa vile vidonge vilivyobanwa. Jumanne nilipata milimita kumi na tano. Kumi na mbili zingetosha. Niliporudi kutoka kula, kidonge cha katikati kilikuwa bapa, kina alama ya kidole gumba. Boneti haina kidole gumba. Jumatano nikakuta biti za drili zimetapakaa kwenye bawa la gari, juu ya gurudumu la mbele, wakati hapakuwa na cha kutoboa. Na kila siku saa sita ikigonga, ni yeye: "Nenda kale wewe kwanza, mdogo wangu." Lini kaka yangu amewahi kumwachia mtu sahani?

Nikaona anataka kipimo changu kikosee, boneti igonge, halafu itobolewe kama alivyosema yeye. Nilishaamua: nikimkamata anaharibu kazi, tunagawana vifaa, kila mtu ashike njia yake.

Basi Alhamisi nainua chujio, na goroli hii hapa, inang'aa. Ingeshuka hatua moja zaidi, injini kwaheri. Damu ikanipanda. Nikaitia mfukoni, nikasema kwa sauti kwamba nimesahau simu nyumbani, nikatoka, nikazunguka nyuma hadi dirisha la stoo. Nikapiga chabo bila haya yoyote.

Kaka alichungulia mlangoni, kisha akarudi kwenye gari. Akalaza kipande cha kioo juu ya mdomo wa kabureta, akaweka goroli nyingine juu ya kioo, akainama akitega sikio, kiganja kimekinga pembeni. Goroli haikwenda popote. Akabandua kidonge cha udongo, akakigusa taratibu kwa kidole gumba, akapapasa biti za drili moja baada ya moja hadi akapata ya unene uleule. Mwisho akachukua pimamaji, akalisogeza karibu na uso, akalipeleka mbali, akalirudisha karibu. Akaliweka chini, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

Nikaingia. "Unafanya nini humo?"

Akashtuka. "Napima."

"Kwa goroli? Na pimamaji ulikuwa nalo mkononi!" Nikaitoa ile ya mfukoni, nikaiweka kwenye bawa mbele yake. "Hii nimeitoa kwenye kabureta. Ingeingia ndani ungemwambia nini daktari? Kwamba mdogo wako ni fundi hovyo?"

"Niliitafuta sakafuni kwa magoti," alisema. "Nilidhani imeangukia huko." Akanyoosha mkono kuichukua. Mkono ukapita kando yake. Akarudia ndipo akaipata.

Hasira ikanikatika palepale. "Macho?"

"Mwaka sasa. Pembeni naona. Katikati ni ukungu mtupu."

"Sasa kwa nini husemi, kaka?"

"Nikuambie wewe? Yule fundi wa rangi alipokosea rangi ulimwambia nini mbele ya watu? Fundi asiyeona akafuge kuku. Nilikuwa nimesimama hapohapo." Akashusha pumzi. "Boneti nilitaka itobolewe kwa sababu kutoboa naweza kwa kupapasa. Hizi milimita zako siziwezi. Nikasema nijaribu kwa sikio na vidole ukiwa hupo."

Nikachukua pimamaji nikaliweka kwenye kioo, kwa ubishi tu. Kiputo kilitulia katikati kabisa. Asubuhi mimi niliiacha kabureta imeinama kwa nusu ya uzi mmoja wa pembe, nikajiambia inatosha. Alikuwa ameongeza kibati chembamba chini ya kabari.

"Sasa nafasi ni kumi na tatu," akasema. Nikapima udongo. Kumi na tatu.

Hapo ilifaa niseme neno. Nilinyamaza. Nilikuwa nawaza ile goroli, jinsi ilivyobaki kidogo tu iingie, na injini ya mtu, na jina letu, na lini itaanguka nyingine. Sekunde ngapi sijui. Yeye akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu: akafuge kuku.

Akaanza kufungua ovaroli. Kifungo cha kwanza. Cha pili. "Funguo za stoo ziko kwenye droo," alisema kwa upole. "Ile jeki kubwa usiiamini, inavuja."

"Kaka, funga vifungo," nikasema. Sauti ilitoka kavu, kama amri. "Wewe utaweka, mimi nitasoma vipimo. Mteja anakuja saa kumi."

Vidole vyake vikasimama kwenye kifungo cha tatu, kisha vikaanza kurudi juu.

"Sawa, bosi," akajibu.

Maisha yake yote hajawahi kuniita hivyo, na hakuwa anatania. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.