Sauti ya Gwalugano

Gwalugano alimpa mwanawe sauti yake kwa sharti moja tu: asije akamtamkisha neno ambalo yeye mwenyewe hakulisema.

Ilikuwa Januari kule Ileje, ukungu umekalia migomba tangu asubuhi. Ipyana alikuwa amepanda kutoka Tunduma na kinasa sauti kidogo, akamkalisha mama yake jikoni siku mbili nzima amsimulie hadithi za sungura. Alimweleza kwamba akili mnemba ingejifunza sauti ile, kisha ingesoma kwa sauti hiyohiyo hadithi yoyote atakayoiandika. Picha za katuni zingechorwa na programu nyingine, yeye kazi yake kuandika maelekezo tu. Shughuli ya watu kumi ingefanywa na mtu mmoja ndani ya chumba cha kupanga pale Majengo, Tunduma.

"Yoyote?" mama akauliza.

"Yoyote, mama."

Hapo ndipo alipotoa sharti lake, na akalirudia. Ipyana aliitikia upesiupesi, macho yakiwa kwenye waya za kinasa sauti. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya siku hizi ina vitufe.

Kitu kimoja alikiona, akakipuuza. Katika hadithi zote zile mama yake hakumtaja sungura kwa jina. Alimwita Mkia Mfupi, na kila alipofika hapo alivuta pumzi kidogo kwanza. Ipyana akadhani ni madoido ya msimulizi.

Laiti angeuliza. Kwa ukoo wao mkamwana na baba mkwe hawakutani. Gwalugano, mjane, alikuwa ameishi miaka thelathini na minne kwenye kaya ya mzee Ambakisye, na hawakuwahi kukaa chumba kimoja hata siku moja. Akimwona mzee njiani, aliingia shambani hadi apite. Mzee alimjua kwa sauti, akiimba nyimbo za kanisani upande wa pili wa ukuta, naye alimjua mzee kwa kikohozi. Jina la baba mkwe hakulitamka, wala neno lolote linalofanana nalo. Angeruhusiwa mara moja tu, siku ya kumzika, asimame kando ya kaburi na kumwita kwa jina alilozaliwa nalo, ili mzee aondoke akijua kaya imemwachilia. Hayo Ipyana aliyajua, kama mtu anavyojua mambo ya kwao akiwa mbali nayo. Asichokijua ni kwamba Ambakisye lilikuwa jina la ubatizo.

Katuni ya kwanza ilipokamilika alimtumia Rabson, mwenye chaneli ya watoto ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Rabson alipiga simu kabla hata chai haijapoa.

"Bosi, hii kitu ni moto. Ila huyu Mkia Mfupi hapana. Watoto wa huku sungura wanamjua kama Kalulu. Weka Kalulu, kesho naitoa."

Ipyana alilikumbuka sharti. Akampigia mama yake. Hakupatikana, maana kule mtandao huja ukipenda. Angeweza kusubiri siku mbili. Badala yake alijiambia kwamba jina la sungura si neno, ni jina tu, akaiagiza programu ibadilishe Mkia Mfupi kila palipoandikwa. Zilikuwa sehemu arobaini na moja.

Kisha akasikiliza. Mashine ilikuwa imejifunza hata ile pumzi. Ilivuta hewa kidogo, kama mtu anayejikaza, ndipo ikasema kwa sauti ya mama yake: "Kalulu, toka nje. Kalulu, wenzio wote wameshatangulia."

Ni pale wanyama walipokwenda kisimani na kumwacha sungura amelala shimoni. Hakuna zaidi ya hapo. Ipyana aliitazama mara mbili, akaituma.

Siku ya nne alipigiwa simu na baba yake mdogo, Edson, aliyekuwa akimtunza mzee.

"Ipyana. Hiyo sauti kwenye katuni yako ni ya mama yako?"

"Ni yake, baba mdogo, ila inayosema ni kompyuta."

"Nilimwekea babu yako. Nilitaka afurahi, asikie mjukuu wake amefika wapi. Unajua macho yake hayaoni tena. Nikaiweka simu juu ya mto, nami sikuwa nimeisikiliza kwanza."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza mama yako ameingia chumbani saa ngapi."

Ipyana akakaa kitandani.

"Kalulu ni yeye babu yako, mwanangu. Ndilo jina alilopewa na baba yake. Tumebaki wachache tunaolijua. Amesema ameshaitwa, na tangu juzi hali chakula."

Rabson, muungwana, aliiondoa video saa hiyohiyo. Lakini watu walikwisha kuipakua na kurushiana, na katika gari la kwenda Itumba, kule Ileje, Ipyana aliisikia kwenye simu ya abiria wa kiti cha nyuma. Mama yake alikuwa anamwita mzee atoke nje, na watoto wanacheka.

Alipofika alikwenda moja kwa moja kwa babu. Mzee alilala ubavu, uso umeelekea ukutani.

"Shikamoo, babu. Si mama aliyekuita. Ni mashine."

"Marahaba. Mashine ililijuaje jina langu?"

"Ni jina la sungura, babu."

Mzee akatabasamu kwa upole, na upole ule ulimtisha Ipyana kuliko ambavyo ukali ungemtisha. "Sungura hana mkamwana," alisema.

Jikoni, Gwalugano alikuwa ameketi mbele ya moto uliozimika. Hakumjibu mwanawe salamu. Edson ndiye aliyemweleza kando, kwa sauti ya chini. Jana yake wanawake wa ukoo walikuja kumuuliza Gwalugano ni kisasi gani alichokuwa nacho. Akawaapia kuwa si yeye. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu angelifanya: alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama nje ya ukuta wa chumba cha mzee, akasema, "Baba, si mimi niliyekuita."

Na mzee, kwa ndani, akamjibu, "Nimekusikia, mama. Ninakuja."

Tangu hapo Gwalugano hakufungua kinywa. Kwani angekanusha kwa sauti ipi?

Mzee Ambakisye alifariki Ijumaa, mchana. Alikuwa na miaka tisini na moja, na wapo waliosema ni umri. Walisema hivyo bila kumtazama Ipyana.

Walimzika Jumapili baada ya ibada, mvua nyembamba inanyesha. Jeneza lilipoteremshwa mchungaji alisogea kando, kwa kuwa alikuwa mwenyeji na alijua zamu iliyofuata ni ya nani. Watu wakampisha Gwalugano. Alikwenda hadi ukingoni mwa kaburi, kwa mara ya kwanza maishani akasimama karibu na baba mkwe wake, na watu wote wakasubiri alitamke lile jina ambalo alikuwa amelitunza miaka thelathini na minne.

Alisimama muda mrefu. Kifua kikajaa, ile pumzi ikavutwa, ikashuka bure. Kisha akageuka, akamtafuta mwanawe kati ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu Ipyana afike akasema naye.

"Mimi neno langu la mara moja lilishatumika, baba," alisema. "Wewe ndiye uliyebaki na sauti yangu. Mwite."

Ipyana alitia mkono mfukoni, akaikuta simu.