Maneno Niliyosema Juu ya Aldara

Mimi ni Gontroda, mkunga. Hapa León nusu ya watu mnaowaona sokoni wameingia duniani kwa mikono hii, na baadhi yao ndio hao wanaonisonya siku hizi. Wasonye mpaka midomo iwakauke. Ila nitawaeleza nilichofanya, kisha mniambie ninyi kama nilifanya vyema, maana mimi mwenyewe kichwa hakinipi jibu.

Malkia Guiomar alimzaa Aldara kabla ya siku zake, mfalme akiwa vitani kusini. Mtoto alitoka wa buluu, hana sauti, mdogo kama sungura aliyechunwa. Mtumishi wa chumbani akatoka mbio kumwita padre, lakini mimi niliona wazi kwamba mtoto yule hamsubiri padre. Sisi wakunga tumeruhusiwa: mtoto akiwa anakata roho, mmwagie maji, sema maneno, aende zake akiwa na jina. Mmoja anamwaga, mwingine anampokea mtoto kutoka majini, na huyo anayempokea ndiye anakuwa mama yake wa ubatizo. Sasa chumbani tulikuwa wawili tu. Nikamwaga, nikasema, na malkia akanyoosha mikono pale pale kitandani. "Nipe mwanangu!" Nikampa. Ningempa nani, nguzo ya kitanda?

Mtoto akapiga chafya, akalia, akaishi. Mtumishi akarudi na padre, akamkuta malkia amemkumbatia mtoto aliyelowa. Miaka sita hakuna aliyefungua mdomo. Kisha mfalme akampenda binti wa mfalme jirani, au tuseme alizipenda ngome tatu za mpakani ambazo binti huyo angekuja nazo, na ghafla mtumishi yule akakumbuka alichokiona.

Siku moja kabla sijaitwa kutoa ushahidi katika kesi ya ndoa yao, malkia aliniita kwake. Alikuwa anamsuka Aldara nywele, na mtoto anajipindapinda kama kawaida yake, anataka kwenda kuona nguruwe wakichinjwa.

"Gontroda," akasema, "wanasema mimi ni ndugu wa mume wangu."

"Ebo! Ndugu kwa upande gani? Wewe kwenu ni milimani, yeye hapa."

"Kwa upande wa Aldara."

Nikamwangalia mtoto, nikamwangalia mama. "Bimkubwa, sijaelewa."

"Aliyempokea mtoto majini ni mama yake wa rohoni. Mama wa rohoni na baba wa mtoto ni ndugu, hawawezi kuwa mtu na mkewe. Sasa mimi nilimpokea mwanangu mwenyewe."

"Kwa hiyo kwa kumzaa wewe ni mkewe, na kwa kumpokea wewe ni dada yake?"

"Ndivyo."

"Na Aldara ni mwanao au ni mpwa wako?"

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mtoto akanitazama kwa hasira kana kwamba nimempiga mama yake. Malkia akamtuma nje. Mlango ulipofungwa akaniambia lililokuwa linamla. Watu wa mfalme wakishinda, yeye anarudishwa kwa kaka yake, naye kaka atamwoza kwa mzee yeyote mwenye askari. Aldara habanduki hapa. Mtoto wa mfalme haondoki na mwanamke aliyeachwa. "Nitamwona tena siku ya harusi yake, nikialikwa," akasema.

"Basi nitasema nilimpokea mimi," nikamwambia. "Nilimwaga kwa mkono huu, nikampokea kwa huu. Nani atabisha?"

"Nimeshawaambia ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Walinishikisha Injili, Gontroda. Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa."

Nilimkasirikia, sifichi. Nilitoka pale sijui nimefika vipi barabarani. Nilikwenda moja kwa moja kwa shoga yangu Justa, muuza mikate, kwa sababu Justa hata nyumba ikiungua atakuchekesha. Nimemzalisha mara nne. Wawili wako hai na wanakula kuliko farasi. Wawili niliwabatiza mwenyewe wakiwa wanakata roho, nao wamelala makaburini nyuma ya kanisa.

Nilipomweleza akapiga makofi, unga ukatutia weupe sote. "Kumbe ni rahisi hivyo! Mimi huyu wangu nimezunguka miaka kumi na minne natafuta njia ya kumwacha. Lete ndoo, lete mtoto!"

"Justa, mwenzio analia."

"Najua analia. Na wewe kesho sema kweli uje tule. Hao wakubwa wataachana hata ukinyamaza."

Maneno yake yalikuwa na akili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekubali kusema kweli.

Asubuhi walinikalisha barazani pa kanisa kuu, mbele ya Padre Gutierre, aliyetumwa na askofu. Ni mtu mpole, hana neno baya, na upole wake ndio ulinitia wasiwasi zaidi. Nikaweka mkono juu ya Injili. Akaniuliza nani alimpokea mtoto. Nikasema malkia. Mwandishi akaandika. Nikaona mambo yamekwisha, nikaanza kukusanya shuka langu.

"Na maneno uliyasema yote, kama ulivyofundishwa?" akauliza huku akitazama karatasi zake, kama mtu anayeuliza mlango umefungwa.

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Hilo ndilo jibu langu siku zote. Kisha akili ikagutuka. Kama maneno hayakutimia, basi yale yalikuwa maji ya kumwosha mtoto tu. Na kama yalikuwa ya kumwosha, malkia alimpokea mwanawe kama mama yeyote anavyopokea mtoto aliyeogeshwa, basi. Udada uko wapi?

"Hapana, Padre," nikasema.

Akainua kichwa. "Hapana vipi?"

"Nilisema kwa jina la Baba. Nikasema na la Mwana. Hapo mtoto akapiga chafya, nami nikapiga kelele 'Mama yangu, yu hai!' nikampa mama yake. Roho Mtakatifu sikumtaja."

"Mbona mtumishi anasema siku ile ulimwambia padre umemaliza?"

"Niliogopa, baba. Mnatutisha sana."

Padre yule wa siku ile ameshakufa, hakuna wa kumuuliza. Padre Gutierre akaweka karatasi zake chini. "Gontroda, mkono wako uko juu ya nini?"

"Juu ya Injili."

"Rudia."

Nikarudia. Na hapa ndipo niliposhikwa na kizunguzungu ambacho hakijanitoka. Wakati narudia, niliiona ile chafya. Niliisikia sauti yangu ikikatika. Kabla ya kiapo nilikuwa na hakika nimesema yote, baada ya kiapo sina hakika ya chochote. Nilidanganya, au nilikumbuka? Haki ya Mungu sijui.

Ndoa ikabaki. Mfalme alivunja vyombo, lakini angefanya nini? Aldara akabatizwa upya, amesimama kwa miguu yake, amenuna kwa sababu maji yalikuwa baridi, na akapokewa na mke wa seremala. Malkia alinibusu mikono mbele ya watu. Nilijiona nimeweza.

Jumapili padre akatangaza kanisani: Gontroda mkunga asimbatize tena mtoto yeyote, kwa kuwa hamalizi maneno. Watu wakacheka kidogo. Justa hakucheka. Nilimwona akiwa ameshika ukingo wa benchi.

Kesho yake mchana alisimama mlangoni kwangu, bila kuvua aproni.

"Yaseme," akasema.

Nikayasema. Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, bila kujikwaa.

"Unayajua," akasema. "Basi nijibu moja tu. Kwa malkia ulidanganya?"

 Nampenda Justa, lakini mdomo wake naujua, jambo likiingia kwake asubuhi jioni liko sokoni, na likifika sokoni limefika kwa mfalme. Nikimwambia nilidanganya, Guiomar yuko njiani kwenda kwa kaka yake na Aldara analia getini.

"Sikudanganya," nikasema.

"Basi hukumaliza. Na kwa wanangu?"

"Kwa wanao..." Nilitaka kusema nilimaliza. Niliwaona wote wawili, nikajiona namwaga maji, lakini sauti yangu sikuisikia. "Sikumbuki, Justa. Nisamehe. Sikumbuki."

Nilimngoja anipige. Ningemshukuru. Akasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba amesikia wasiobatizwa hawakai katika ardhi takatifu ya kanisa, huwa wanafukuliwa na kutolewa. Nikamwambia hakuna aliyesema atawatoa. Hakunisikia.

Akaenda nyuma ya kanisa, akaketi chini juu ya wanawe, mkono mmoja huku na mkono mmoja huku, na kila aliyepita, hata asiyekuwa na habari naye, akamwambia hawa hawatoki.