Kosa la Kujaza Tangi

Kituo kile cha zimamoto kilijengwa bondeni na mtu ambaye, ukiniuliza mimi, hakuwahi kuwasha hata kiberiti. Banda la gari lilikuwa chini, lango lilikuwa juu barabarani, na kati yake kulikuwa na kilima kifupi lakini kikali. Gari lenyewe lilikuwa jekundu na la umri wa mtu mzima, limepigwa rangi mara nyingi kuliko lilivyotengenezwa. Tangi lake lilichukua lita elfu nne, yaani tani nne za maji, na tani nne kwenye kilima kile si mchezo.

Miaka mitatu nyuma uliletwa mwongozo mpya wa viwango. Ulikuwa kitabu kinene chenye jalada la kung'aa, na hakuna aliyevuka ukurasa wa tano, kwa sababu hapo ndipo palipoandikwa kwamba tangu kengele ilie mpaka gari lipite langoni isizidi dakika moja. Kituo kitakachoshindwa kitashushwa daraja na wazimamoto wake wa kujitolea watapumzishwa wote. Gari likiwa limejaa maji lilifika langoni kwa dakika moja na nusu, likihema. Likiwa tupu lilitumia sekunde hamsini na mbili. Basi wakayamwaga maji.

Usiulize kwa nini wasiliegeshe juu, karibu na lango. Mwongozo ulitaka gari likae chini ya paa, na paa lilikuwa bondeni. Na kwa kuwa wakaguzi walikuwa na tabia ya kuzuka bila taarifa, tangi likawa linakaa kavu mwaka mzima. Moto ukitokea, gari lilipanda kilima mbio, likapita langoni kwa madaha, likakata kona ya kwanza na kusimama kwenye bomba la zimamoto la barabarani, likanywa maji kwa dakika sita. Dakika hizo sita hazikuwamo katika ukurasa wowote. Mara mbili walifika mahali pa moto wakakuta majirani wameshauzima kwa ndoo na sasa wanafagia majivu, na mara zote mbili taarifa iliandikwa kwamba kituo kiliitikia mwito ndani ya kiwango.

Mtu aliyezihesabu dakika hizo alikuwa Mama Pampu. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake mtaa wa pili kutoka kituoni. Kwa kujitolea alikuwa mwendesha pampu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Pampu ya gari lile ilikuwa na kiburi. Wengine waliibembeleza, wengine waliipiga teke, lakini yeye aliweka kiganja juu ya bomba, akasikiliza, akageuza vali kidogo, na maji yakatoka. Aliipenda pampu ile, na hakuona haya kulisema.

Mkuu wa kituo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mbele ya watu alimwita Mkuu, kama sare ilivyotaka. Nyumbani alimwita jina la utotoni ambalo mwenyewe aliomba lisifike kituoni, nasi tutamsitiri.

Mwaka huu kulikuwa na jambo jipya. Kila mwendesha pampu, wa mshahara au wa kujitolea, alitakiwa awe na cheti, na bila cheti haruhusiwi kugusa hata kishikio. Mtihani ulikuwa wa sehemu mbili: maswali ya kuandika, na ile dakika moja. Kikosi kikishindwa dakika, hakuna anayepata cheti siku hiyo, hata awe hodari vipi. Kituoni ni mmoja tu aliyekuwa nacho tayari, kijana wa mshahara waliyemwita Diploma, ambaye aliijua pampu vizuri sana kwenye michoro. Mama Pampu alisoma miezi miwili, kitabu kimeegemezwa kwenye cherehani, na maswali ya kuandika akayapita kwa alama themanini na tisa. Ilibaki dakika.

Asubuhi ya ukaguzi, ambao safari hii ulitangazwa kwa sababu ya mtihani, akiwa njiani kwenda kituoni, gari la idara ya maji lilipita na kipaza sauti likitangaza kwamba mabomba ya mitaa yote yangefungwa hadi jioni kwa matengenezo. Mama Pampu alisimama. Kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa mdogo wake, akamkuta anapangusa picha ukutani.

"Mkuu, leo bomba la kona litakuwa kavu. Tangi tulijaze."

"Dada, leo ni ukaguzi."

"Na moto ukitokea?"

"Leo hautatokea. Nimekwambia kuna ukaguzi."

Alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa anatafuta vumbi nyuma ya fremu.

Mama Pampu alishuka bandani akakaa kwenye ngazi ya gari. Hebu tumtendee haki: hakuwa shujaa asubuhi ile. Alikitaka cheti. Alishajua hata mahali atakapokitundika, juu ya kioo cha wateja, ili kila anayepimwa kiuno akisome. Kwa kukaa kimya tu angekipata kabla ya chakula cha mchana. Lakini kila alipojaribu kukaa kimya aliwaona wale majirani na mafagio yao, na jinsi walivyowatazama wazimamoto bila hata kuwatukana. Akainuka, akaunga mpira kwenye hodhi la kituo lililo nyuma ya banda, akalijaza tangi mpaka juu.

Diploma alitokea na brashi ya viatu mkononi. Akasikia maji yanavyoingia.

"Mama, unajua unachofanya?"

"Najua. Nenda kang'arishe viatu vyako."

Diploma akaenda kung'arisha viatu, na tangu siku hiyo nikaanza kumheshimu kidogo.

Saa nne kengele ikalia. Mkaguzi alikuwa juu langoni na saa yake ya kupimia, mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mkuu alisimama ubavuni mwake, tabasamu tayari. Dereva alikanyaga mafuta, akahisi gari limenenepa. Akaingiza gia ya kwanza, injini ikaguna, na gari zima likaanza kupanda taratibu mno, kama mzee anayetafuta miwani yake. Tabasamu la Mkuu lilififia kwa hatua. Kufikia nusu ya kilima halikuwapo tena.

"Dakika moja na sekunde thelathini na nne," alisema Mkaguzi, akaandika.

Mkuu alimwangalia dada yake kwa jicho ambalo hakuwahi kumwangalia nalo tangu azaliwe. Na wakiwa wamesimama pale langoni wameduwaa, simu ya kituo ikalia: karakana ya vitanda inawaka, mtaa wa tatu, ukuta kwa ukuta na shule ya chekechea.

Walikwenda jinsi walivyokuwa, Mkaguzi akiwafuata kwa gari lake. Walipofika, watu wa mtaani walikuwa wamefungua kila bomba na yote yanatoa hewa tu. Walimu walikuwa wanawatoa watoto uani kwa mistari, mkono begani. Moto ulikuwa umekwisha kula maranda na sasa ulikuwa unapanda kwenye paa, upande wa shule. Mama Pampu akaweka kiganja juu ya bomba, akageuza vali, na maji yakatoka papo hapo. Lita elfu nne si nyingi ukizirusha ovyo, naye hakuruhusu zirushwe ovyo. Zilipobaki kama mia tatu, moto ulikuwa umekufa. Fundi wa vitanda alipoteza mbao na nyusi. Shule haikupoteza hata dawati.

Mkaguzi alimjia, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama, nimekagua vituo vingi. Sijaona pampu ikiendeshwa hivi."

"Asante, mwanangu."

"Kweli kabisa. Bahati mbaya haimo kwenye fomu."

Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Pampu, kwamba mtu alikuwa mwema na bado asingefanya lolote.

Siku ya pili Mkuu alikuja kibandani kwa dada yake, kofia kwapani, karatasi mkononi. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kuzungumzia joto. Kisha akazungumzia bei ya uzi, kitu asichokijua. Dada yake aliendelea kukanyaga cherehani mpaka maneno yakamwishia.

"Wametupa nafasi ya kujieleza," alisema hatimaye. "Kuna mstari mmoja hapa, sababu ya kuchelewa. Kama kosa ni la kituo, tunashushwa daraja na wa kujitolea wote wanaondoka. Kama kosa ni la mtu mmoja, anaondoka huyo mmoja tu."

"Na umeshaandika?"

"Nimeandika rasimu tu, dada. Si mwisho."

Aliisoma. Ilisema: uzembe wa mwendesha pampu wa kujitolea.

Mama Pampu aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikasirika hata mikono ikawa inatafuta kitu cha kukata. Miaka kumi na miwili, na neno lililopatikana ni uzembe. Lakini aliwafikiria pia wenzake kumi na mmoja, wauza vitabu na mafundi baiskeli na yule mwalimu mstaafu, waliokuwa wanaacha shughuli zao kila kengele ilipolia.

"Nitasaini," alisema. "Ila hilo neno ulifute. Kosa langu nitaliandika mwenyewe."

Akachukua kalamu na kuandika kwa herufi kubwa: ALIJAZA MAJI TANGI LA GARI LA ZIMAMOTO.

Mkuu aliitazama sentensi ile kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Dada, wakiisoma watauliza kwa nini lilikuwa tupu."

"Si wewe unayesema siku zote kwamba hawasomi?"

"Hawasomi. Lakini..."

"Basi unaogopa nini?"

Mkuu alisaini chini ya sahihi ya dada yake, akaondoka bila kuvaa kofia. Mama Pampu alilia kidogo, machozi ya hasira, akashona mkono wa kulia wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kushoto.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kumbe walisoma, tena kwa makini. Walishukuru kituo kwa uwazi wake, wakakubali mwendesha pampu husika aondolewe, wakawabakisha wengine. Na ili kosa kama hilo lisijirudie, wakatoa waraka kwa vituo vyote: ni marufuku kujaza maji tangi la gari la zimamoto bila idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo, itakayoombwa na kutolewa siku kwa siku. Ulikuwa na mihuri miwili. Wazimamoto waliubandika ubaoni wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaacha kucheka, wakaona kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Diploma alimpelekea Mama Pampu nakala. Yeye aliusoma waraka mara mbili, polepole, anavyokagua nguo ya kununua kwa kuigeuza ndani nje aone ilivyoshonwa.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa ofisini kwa mdogo wake na barua yenye nakala mbili. Kichwa chake kilisema: Ombi la Idhini ya Kujaza Tangi. Chini kulikuwa na visanduku viwili, Nakubali na Nakataa, na mahali pa sahihi, tarehe na saa.

"Dada, wewe si wa kituo hiki tena."

"Waraka haukusema mwombaji awe nani. Nimeutafuta mstari huo, haumo."

"Na hii nakala ya pili?"

"Yangu. Nitaiweka kibandani, kwenye faili."

Mkuu alishika kalamu. Aliielekeza kwenye Nakataa, na hapo ikasimama. Alikuwa mtu aliyeweza kukataa kwa mdomo, kwa simu, kwa kutingisha kichwa na kwa kutoonekana ofisini. Kukataa kwa maandishi, tena na saa imeandikwa, alikuwa hajawahi. Aliifikiria nyumba yoyote itakayoungua siku hiyo, na karatasi yenye sahihi yake kwenye faili la fundi cherehani.

"Na wakaguzi wakija?" aliuliza.

"Waonyeshe idhini. Si wenyewe ndio walioitaka?"

Akatia alama kwenye Nakubali. Akasaini. Wala hakutaja joto.

Diploma alikuwa ameshaunga mpira kwenye hodhi, na Mama Pampu akangoja mpaka tangi likajaa. Mama Pampu alipokuwa anapanda kilima kurudi kwake, kengele ikalia nyuma yake, ya moto wa kweli. Akasogea pembeni ya lango kuwapisha. Gari likaja taratibu, zito, likiguna, maji yakichuruzika kwenye kifuniko cha tangi, na Diploma ameketi mahali pake yeye, kiganja tayari juu ya bomba kama alivyomfundisha. Hakuna aliyekuwa anapima muda. Mama Pampu alifurahi, na ilimuuma sana, vyote kwa pamoja. Gari lilipopotea kwenye kona bila kusimama, akashika njia ya kibandani kwenda kuandika barua ya kesho.