Jakuzi la Uani

Mama Pacha hakuhamia katika nyumba ile kwa furaha, na alipofungua mlango wa uani roho ikamchafuka zaidi. Wenyeji wa zamani walikuwa wameacha jakuzi, beseni kubwa la kuogea maji moto, lenye viti ndani na matundu ya kupuliza mapovu. Kifuniko kilikuwa kimeoza, maji yamekuwa uji wa kijani, na viluwiluwi wamejaa humo kama kwao.

Mumewe alisema lifukiwe, aegeshe pikipiki juu yake. Mama Pacha akakataa. Alikuwa fundi cherehani, na miaka ya kuinamia vitambaa ilikuwa imemla mgongo. Maji moto yangemfaa. Mume akacheka, akamwambia kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma.

Basi aliifanya kazi peke yake. Tundu la kutolea maji lilikuwa limeziba, akateka ule uchafu kwa ndoo, kisha akalichokoa tundu kwa waya. Alisugua utelezi kwa siki na brashi mpaka magoti yakachubuka. Chujio lilikuwa gumu kama gogo, akatia jipya. Fundi umeme akaja kutengeneza hita na pampu. Kila asubuhi kabla ya kushona alipima maji kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, akatia klorini kidogo kidogo, hata yakatakata. Mumewe alipita na kikombe cha chai, akauliza kama supu imeiva.

Jumamosi moja alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, akasikia vicheko uani. Mume na wenzake watatu wa kazini walikuwa wamejazana majini, miili imepakwa mafuta, maji yanang'aa kama mchuzi.

"Wote walisema lifukiwe," mume alikuwa akisimulia. "Mimi nikasema hapana. Nimesugua mpaka kucha zikaisha."

"Shemeji," mmoja akamwambia Mama Pacha, "huyu mumeo ana mikono ya dhahabu."

Damu ikamchemka. Alizunguka nyuma ya beseni, akazima umeme, akapiga magoti na kufungua koki ya kutolea maji. Maji yakaanza kushuka, kwanza mabegani, kisha kifuani.

"Mbona yanapungua?" mgeni akauliza.

"Muulize fundi wenu. Aifunge koki."

Mume akatoka akichuruzika, akapapasa huku na huku, akashika bomba la hita, likamchoma, akaliachia. Koki hakuijua. Wenzake walibaki wameketi katika beseni tupu kama kuku walionyeshewa, kisha mmoja mmoja wakatafuta suruali zao.

Walipoondoka, mume alilalamika kwamba amemvua nguo mbele za watu.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," Mama Pacha alisema. "Kwenye kazi ulinicheka. Sifa umezibeba zote. Basi beba na brashi."

Siku kadhaa zikapita. Utando wa mafuta ukakauka ukutani mwa beseni, naye hakuugusa. Mwishowe mume aliingia na brashi, akasugua, akauliza chujio husafishwaje. Mama Pacha alimjibu kutoka dirishani, kwa ufupi, macho kwenye sindano.

Maji yalipojaa tena na kupata moto, Mama Pacha aliingia peke yake. Mume akasimama na taulo begani, akauliza kama kuna nafasi.

"Bado nina hasira nawe," alimwambia. "Kaoge kwanza kwa sabuni, halafu tutaona."