Bandeji za Mivinje

"Basi niambie nimemuua nani," mama alisema, mikono kiunoni. "Nimekuta wagonjwa, nimewatibu. Tangu lini hilo likawa kosa?"

"Mama, hawakuwa wagonjwa wa kutibiwa. Niliwaambukiza mwenyewe."

"Hapo ndipo sikuelewi. Na usinitolee macho."

Walikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha neti, na katikati yao palikuwa na safu mbili za miche ya mivinje kwenye mifuko myeusi. Safu ya kulia ilikuwa ya miche mizima. Ya kushoto, kila mche ulikuwa umefungwa bandeji. Bandeji za kweli, zimekatwa nyembamba kwa mkasi na kufungwa kwa fundo lilelile ambalo mama amewafungia watoto wa watu vidole tangu alipotoka chuo cha uuguzi na stashahada yake. Chini ya kila bandeji palikuwa na kidonda kilichosafishwa kwa pamba na kupakwa dawa ya kuvu, ile wakulima wanayopulizia nyanya.

Binti yake, ambaye nyumbani aliitwa Profesa tangu hajajua kufunga viatu, alikuwa anasomea shahada ya uzamili. Kazi yake ilikuwa kuvu inayoshambulia mashina ya mivinje. Kitalu cha chuo kilijaa, msimamizi wake akamruhusu alee miche nyumbani. Akapanda mbegu, akailea, na ilipofika kimo cha goti akaichanja nusu yake na kuitia kuvu kwenye jeraha. Nusu nyingine akaiacha. Kisha akarudi maabara, akamwachia mama kazi moja tu: kumwagilia.

Mama akamwagilia. Lakini asubuhi moja aliona majeraha yanatoa utomvu na magome yameanza kuwa meusi, na yeye hakuwa mtu wa kupita mbele ya kidonda akajifanya hamnazo.

"Ulisema unataka kujua ni nini kinaikausha mivinje ya barabara ya hospitali," alisema. "Si umejua? Hawa walikuwa wanakwenda njia hiyohiyo."

"Ilibidi waendelee kuumwa, mama. Halafu niitoe kuvu ndani ya mche uliougua, niioteshe upya kwenye kisahani, nione kama ni ileile niliyoitia. Bila hivyo mtu atasema miche yangu ilikufa kwa kiu."

"Kwa kiu? Na mimi nipo?"

Profesa alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia njiani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashika tama.

"Muhula ukiisha bila majibu, mwaka huu sihitimu," alisema polepole. "Na nafasi yangu maabara anapewa mwingine. Wameshaniambia."

Mama aliitazama safu yake ya bandeji. Tangu juzi alikuwa anaisubiri siku hii kama mtu anayesubiri mgeni: amfungulie binti yake bandeji moja, amwonyeshe gome jipya linavyoziba, aambiwe asante. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa amejikunja juu ya ndoo kama nguo iliyosahaulika mvuani, na hakuna dawa ya dukani ya kumpaka.

"Hawa wa kulia," alisema hatimaye, "hawakupata dawa. Maji tu."

"Najua."

"Unajua halafu umekaa kimya?"

"Si nilikuahidi, mama."

Ilikuwa kweli. Miche mizima, ikimaliza kazi, ilikuwa ikapandwe kwenye uwanja wa kliniki anakofanya kazi mama, pale wazazi wanaposubiri chanjo juani, watoto wamefunikwa nguo usoni. Mama alishachagua mahali pa kila shimo. Alishamtangazia mganga mkuu, mfagizi, na kila mwenye masikio.

"Mpigie msimamizi wako," alisema.

Profesa alipiga. Aliongea akiwa amegeukia neti, akajibu ndiyo mara nyingi, akakata simu.

"Amekubali. Hii mizima niigawe nusu kwa nusu, nusu niiambukize, nianze leo, kuvu ninayo bado. Na mtu yeyote asiiguse isipokuwa kwa maji. Amesema 'mtu yeyote' mara mbili."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Na wangu wenye bandeji?"

"Watabaki humuhumu ndani ya neti. Huko nje hawatoki, wataambukiza wengine."

"Karantini."

"Karantini, mama."

Hilo alilielewa. Akainama kwenye safu ya kulia. "Basi chukua hawa wa mwisho, hawa vimbaumbau. Hata kivuli chao kingekuwa cha kuazima."

"Siwezi kuchagua. Nikichukua dhaifu halafu wakafa, nitasema ni kuvu kumbe ni udhaifu wao. Tunapiga kura."

Mama alilifikiria hilo. Kazini kwake pia foleni haikuuliza mtoto ni wa nani. "Haya," alisema.

Profesa akaandika namba za miche kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye kikombe cha bati. "Okota wewe," alisema, akageuka kupasha wembe moto.

Mama akaokota. Namba tatu. Ulikuwa mche mnene kuliko yote, aliouwekea nafasi mbele kabisa, karibu na mlango wa kliniki. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, vikaratasi tele, na Profesa alikuwa amempa mgongo. Alikitazama kile kikaratasi kwa kitambo.

"Tatu," akasema kwa sauti.

Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akavuta kigoda, akaupakata mfuko na kulishika shina kwa vidole viwili. Profesa alisogea na wembe, akasita.

"Nini tena?"

"Huu ndio ulikuwa unaupenda."

"Naupenda mpaka sasa hivi. Wewe ukimchoma mtoto huku unasitasita, unamuumiza mara mbili. Vuta pumzi. Mara moja, umalize."

Profesa akavuta pumzi. Akakata gome, akapachika kipande cha kuvu kidogo kama punje ya mtama, akazungushia utepe wa nailoni. Tone la utomvu likachungulia ukingoni. Kidole cha mama kikanyanyuka chenyewe kwenda kulifuta, akakirudisha.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, na hakuwa akizungumza na mche.

Akauweka pembeni, akatumbukiza mkono kikombeni.

"Kumi na moja. Yuko wapi huyo? Mlete."